Mwavuli wa Filamu ya Thelathini na Moja

Banda letu la video lilikuwa nyuma ya ghala la chai,
mabati juu, mabanzi ubavuni,
na mvua ya Tukuyu, mnaijua, haipigi hodi.
Mimi nilikaa mlangoni na kopo la sarafu,
mkubwa mia mbili, mtoto mia;
mwenye parachichi tatu naye nilimpitisha.

Kanda zilitoka Mbeya mjini ndani ya boksi la sabuni,
zote za Kijapani, zote za mtu yule yule:
fundi saa mfupi, masikio kama mifuniko ya sufuria,
anayepanda treni kwenda kumwambia mwanamke mmoja
jambo moja.
Ya kwanza hajasema.
Ya tisa hajasema.
Ya ishirini na mbili aliinua mkono agonge mlango,
mbwa akabweka,
akarudi stesheni anakimbia, kiatu kimoja.

Anyitike ndiye aliyeshika maiki.
Mchana karani wa mizani kiwandani, usiku mfasiri,
na Kijapani hakukijua hata cha kuombea maji.
Alitazama midomo, akaipima, akasema.
Mvua ikizidi alifoka, ikipungua alinong'ona,
kwa hiyo mapenzi yote ya Japani
yalifuata mawingu ya Rungwe.
Wali wao ukawa mbalaga.
Mama mkwe akadai ng'ombe sita na koti la baba.
Tulilia, jamani. Wanaume wazima walilia
wakasingizia moshi wa jenereta.

Halafu, katika ya ishirini na nane,
fundi saa amesimama mbele ya yule mwanamke,
kimono cha buluu, maua mabegani,
na Anyitike anasema:
*Dada, hilo sweta lako la kijani
lisilo na kifungo cha pili
linaninyima usingizi.*

Nikainamisha macho kifuani kwangu.
Kifungo cha pili hakikuwepo.

Watu hawakugeuka. Watu wa kwetu wana adabu
mpaka watoke nje.
Kesho yake sokoni mama Tumpe
alinifungia nyanya, akaweka juu kifungo cha kijani,
akakataa hela.

Sikukishona.

Mwaka ule akaja Mjapani wa kufundisha hesabu sekondari,
mwalimu Kuroda, mpole, mrefu kuliko mlango wetu.
Alikaa benchi la mbele usiku wa filamu ya thelathini na moja,
akicheka tunapolia, akinyamaza tunapocheka.
Ikafika pale.
Fundi saa kaloa, mwanamke kafungua mlango.
Anyitike sauti ikamtetemeka:
*Nimetengeneza saa za watu wote,
yangu imesimama hapa kwako. Niambie nije lini.*
Banda zima: *Aaah!*

"Samahani," akasema mwalimu, bila ubaya wowote.
"Hajasema hivyo. Anasema, naomba mwavuli wangu,
niliusahau hapa mwaka jana."

Kicheko kile kilitikisa mabati.
Anyitike akaweka maiki chini, taratibu,
kama mtu anayetua yai.
Filamu ikaendelea peke yake, Kijapani kitupu na mvua,
na mwanamke yule kwenye skrini alikuwa bado hajajibu.

Sijui nani aliyeinuka na kopo la sarafu mkononi.
Naambiwa ni mimi.
Alipofungua mdomo, nikasema:

*Mwavuli wako upo.
Nimeuanika na kuukunja, nimeuanika na kuukunja,
hata wenyewe umechoka.
Ukija kuuchukua usije na treni,
wala usije na maiki.
Pita mlango wa nyuma. Mbwa nitamfunga.*

Wakamgeukia mwalimu wote: amesema hivyo, hajasema?
Akafuta miwani. Akafikiri sana.
"Karibu," akasema.
Mpaka leo Tukuyu wanabishana
alimaanisha karibu ipi.

Ya thelathini na mbili haikutufikia.
Banda sasa ni duka la mbolea.

Jumapili ile alikuja, mlango wa nyuma, amelowa chapachapa,
akasimama, akafungua mdomo,
na hakuna sauti iliyotoka.

Nikamtafsiria.